Mpe Macho Kwanza, Mikono Baadaye: Kuunganisha Msaidizi wa AI na Duka Lako la Etsy

Kama unauza kwenye Etsy mikoba iliyoshonwa kwa kanga, vyondo au vitambaa vya vikoi, wewe ukiwa Leicester, Minneapolis au Hamburg na mzigo wako ukitoka Mombasa au Kariakoo, unajua kwamba kinachokula muda si kushona wala kufungasha. Ni kuandika. Kila tangazo linataka kichwa kisichozidi herufi 140, tagi hadi 13 zenye herufi zisizozidi 20 kila moja, maelezo, vipimo, idadi na bei. Baada ya miezi minne tangazo linaisha muda, na kulirudisha sokoni ni senti 20 za dola. Mwenye bidhaa themanini hamalizi kuzipitia zote kabla za mwanzo hazijachakaa.

Msaidizi wa AI, awe Claude, ChatGPT au mwingine, anaweza kukubebea sehemu kubwa ya kazi hiyo. Akiwa nje ya duka, lakini, anafanya kazi gizani: unanakili, unabandika, anajibu, unanakili tena. Ukimuunganisha kupitia API, yaani njia rasmi ya programu kuzungumza na Etsy, anasoma tangazo lenyewe, akiba yenyewe na oda zenyewe, kisha mnazungumza juu ya kitu ambacho nyote wawili mnakiona.

Katika mwongozo huu nitashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Sheria za duka ziwekwe ndani ya programu, zisiachwe kwenye maagizo unayompa msaidizi kwa maneno. Msaidizi aliyeambiwa "usibadilishe bei" anaweza kusahau, anaweza kuelewa vibaya, na mtu mwingine anaweza kumdanganya. Programu ambayo haina kabisa uwezo wa kubadilisha bei haiwezi kufikishwa huko na yeyote.

Kwanza jua mipaka. API ya Etsy, ambayo iko katika toleo la 3, inakupa matangazo, akiba ya bidhaa, oda, tathmini za wateja na taarifa za duka. Mazungumzo yako na wateja haikupi. Akitokea mtu anakuuzia msaidizi wa kujibu ujumbe wa wateja wa Etsy usiku kucha, muulize anapitia mlango gani. Kupitia API mlango huo haupo. Huenda anachokuuzia ni programu inayoingia kwa nywila yako na kubofya kana kwamba ni wewe, na ukiikubali unaiweka akaunti yako rehani. Usiichanganye pia kazi hii na ile habari ya Septemba 2025, OpenAI ilipotangaza kuwa wanunuzi wa Marekani wataweza kununua bidhaa za wauzaji wa Etsy wakiwa ndani ya ChatGPT. Yule ni msaidizi wa mnunuzi. Huyu wetu ni wa muuzaji.

Programu ya kati

Muunganisho una sehemu tatu: duka, msaidizi, na programu ndogo inayokaa katikati yao. Hii ya katikati ndiyo utakayoijenga, na ndiyo inayoshika funguo. Msaidizi hazioni funguo hizo hata mara moja. Yeye anaiomba programu ifanye jambo fulani, nayo inafanya ikiwa jambo hilo limo kwenye orodha ya kazi zake. Lisipokuwemo, basi.

Zamani kila msaidizi alihitaji kuunganishwa kwa namna yake. Itifaki ya MCP, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024 na kukubaliwa na OpenAI mwaka uliofuata, imepunguza kazi hiyo sana. Programu yako inatangaza zana zake: jina la zana, maelezo ya kazi yake kwa lugha ya kawaida, na taarifa inazohitaji ili ifanye kazi. Msaidizi anasoma orodha na kuchagua zana inayofaa ombi lako. Python na TypeScript zina maktaba rasmi za MCP, na mtu aliyezizoea kiasi hatasumbuka. Kama wewe si mtu wa kuandika programu, mtafute fundi, lakini yasome yanayofuata kwa makini, kwa sababu ndiyo ya kumdai.

Zana zipe majina unayoyaelewa mwenyewe: soma_matangazo, soma_oda, andika_rasimu. Maelezo yake yaandike kama unayemwelekeza mtu aliyeanza kazi leo, ukitaja na kile ambacho zana haifanyi. Msaidizi huchagua vibaya pale maelezo ya zana mbili yanapofanana.

Funguo

Katika ukurasa wa Etsy wa wasanidi programu, sajili programu yako na uombe ruhusa ya matumizi binafsi. Kwa duka lako mwenyewe hiyo inatosha. Ombi hupitiwa kwanza, kwa hiyo usipange kuanza siku hiyo hiyo. Utapewa ufunguo wa programu pamoja na siri yake. Jozi hiyo inaitambulisha programu tu. Ili ifike kwenye oda zako lazima wewe mwenye duka uiruhusu kwa utaratibu wa OAuth 2.0: kivinjari kinafunguka, unaingia kwenye akaunti, unaona ruhusa zinazoombwa, unakubali, kisha Etsy inarudisha msimbo ambao programu yako inaubadilisha kuwa tokeni, yaani kibali cha muda. Etsy inadai pia kinga inayoitwa PKCE, na maktaba nyingi za OAuth tayari zinayo. Anwani ya kurudishia msimbo lazima ilingane herufi kwa herufi na ile uliyoisajili. Mkwaju (/) mmoja ukizidi mwishoni, utakataliwa.

Tokeni ya kuingilia inaishi saa moja. Ile ya kuihuisha inaishi siku 90, na kila unapohuisha unapewa nyingine mpya. Programu ihifadhi tokeni mpya papo hapo, kabla ya kufanya jambo lolote jingine. Ikizimika katikati bila kuhifadhi, huenda ikakubidi uanze upya kwenye kivinjari.

Sasa ruhusa zenyewe. Siku ya kwanza omba tatu tu: listings_r ya kusoma matangazo, transactions_r ya kusoma oda, na shops_r ya kusoma taarifa za duka. Ile ya kuandika matangazo, listings_w, isubiri. Ya kufuta, listings_d, usiiombe kabisa. Kufuta tangazo ni kazi ya mara chache na unaiweza kwa mkono wako.

Kama ni fundi anayekujengea, akaunti ya msanidi iwe yako, kwa barua pepe yako, na siri ya programu isipite kwenye WhatsApp. Iwekwe kwenye faili la mazingira kwenye kompyuta inayoendesha programu, na faili hilo lisipakiwe GitHub. Wapo wafanyabiashara ambao mfumo wote wa duka umesajiliwa kwa jina la kijana aliyewatengenezea, na siku akibadilisha namba ya simu duka linabaki halina mwenyewe.

Kusoma

Wiki za mwanzo msaidizi asome tu. Muulize tangazo lipi limekaa bila kuuzwa, mkoba gani akiba yake iko chini ya mitatu, ni tagi zipi umezirudia katika matangazo yote. Majibu hayo peke yake yana thamani, na katika kuyahakiki utagundua mitego ya data ya Etsy kabla hujaweka mkono wa mtu yeyote kwenye bei.

Mtego wa kwanza ni kurasa. Usipotaja idadi unayotaka, API inarudisha matokeo 25 tu, na ukitaja mwisho ni 100 kwa mara moja. Programu isiyojua hili inampa msaidizi oda 25 za kwanza, naye kwa uaminifu mkubwa anakuambia mwezi huu una oda 25. Kila jibu la Etsy hubeba jumla halisi katika sehemu iitwayo count. Mpelekee msaidizi jumla hiyo, na programu iendelee kuvuta kurasa mpaka zitimie.

Mtego wa pili ni bei. Etsy haikuandikii dola 45. Inakuandikia kiasi 4500, kigawanyo 100, na jina la sarafu. Programu ndiyo igawanye, si msaidizi. Kwa jumla, hesabu zote zifanywe na programu. Ada ya muamala ya Etsy, ambayo tangu Aprili 2022 ni asilimia 6.5, inakatwa kwenye bei pamoja na gharama ya kutuma unayomtoza mteja. Mkoba wa dola 45 wenye gharama ya kutuma ya dola 8 unakatwa karibu dola 3 na senti 45, kabla ya ada ya malipo ambayo hutegemea nchi uliyopo. Msaidizi anaweza kukueleza hesabu hiyo vizuri sana, lakini namba zenyewe zitoke kwenye programu.

Mtego wa tatu ni saa, na huu unatuhusu sisi hasa. Etsy huandika wakati kwa sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970, kwa hiyo programu igeuze kuwa tarehe na saa za eneo lako. Halafu unapozungumza na msaidizi kwa Kiswahili ukamwambia akuoneshe oda zilizoingia tangu saa tatu asubuhi, anaweza kutafuta tangu 03:00 badala ya 09:00. Andika saa kwa tarakimu, au weka katika maelezo ya zana kwamba mwenye duka anahesabu saa kwa Kiswahili na kwamba msaidizi arudie saa aliyoielewa kabla ya kujibu.

Kisha faragha. Oda ya Etsy inakuja na jina la mteja, anwani yake na nchi yake. Msaidizi anayekutafutia mkoba unaouzika zaidi hana haja na anwani ya mtu. Programu ikate taarifa hizo kabla hazijaondoka kwenye kompyuta yako, na ibakize namba ya oda, bidhaa, idadi, nchi na tarehe. Kwa aliyeko Uingereza au Umoja wa Ulaya hili liko chini ya GDPR, sheria ya huko ya ulinzi wa data. Kama dada yako Mombasa ndiye anayefungasha na unamtumia orodha ya wateja, kumbuka Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mteja alikupa anwani ili umpelekee mkoba, na matumizi yake yaishie hapo.

Kuandika

Ukisharidhika na usomaji, ongeza listings_w, na zana ya kwanza ya kuandika iwe ya rasimu. Hapa Etsy yenyewe inakusaidia: tangazo jipya linalopitia API huzaliwa kama rasimu, na haliwezi kuonekana sokoni bila picha angalau moja. Msaidizi aandike kichwa, tagi na maelezo. Programu ihesabu herufi na kukataa zinazozidi. Wewe ufungue ukurasa wa Etsy, usome, uweke picha, ubonyeze kuchapisha. Usitengeneze zana ya kuchapisha. Kila uchapishaji ni senti 20, na msaidizi aliyekosea kurudia kazi anaweza kukuchapishia tangazo lile lile mara kumi.

Akiba na bei ni sehemu ya hatari kuliko zote, na ningependa utulie hapa. Akiba ya tangazo katika API ya Etsy haibadilishwi kipande kipande. Unatuma orodha yote ya aina za bidhaa hiyo upya, na unachotuma ndicho kinachobaki. Tuseme mkoba wako una rangi tano na msaidizi anataka kurekebisha idadi ya mwekundu. Programu ikituma mwekundu peke yake, zile nne zimefutika. Njia salama ni kusoma akiba nzima, kubadilisha sehemu moja, kisha kurudisha yote. Na katika kurudisha kuna mtego mwingine: bei uliyoisoma kama 4500 na kigawanyo 100 hurudishwa kama namba ya kawaida, 45.00. Programu ikirudisha 4500 jinsi ilivyo, mkoba wako unakaa sokoni kwa dola elfu nne na mia tano. Hautanunuliwa, na wewe utashangaa kwa nini mauzo yamekauka.

Kwa hiyo zana ya akiba ifanye kazi kwa hatua mbili. Kwanza pendekezo: programu inakuonesha thamani ya zamani na mpya zikiwa sambamba, haigusi duka. Pili utekelezaji, unaofanyika baada ya wewe kukubali, na ndani yake programu inakataa bei yoyote iliyosogea zaidi ya kiwango ulichokiweka, tuseme asilimia 15. Kiwango hicho kiandikwe kwenye msimbo. Programu nyingi za wasaidizi huuliza ruhusa kabla ya kutumia zana, zikikupa pia kitufe cha kuruhusu daima. Kwa zana za kusoma kibonyeze ukitaka. Kwa zana za kuandika, kamwe.

Maneno ya mteja si amri

Oda ya Etsy inaweza kubeba ujumbe kutoka kwa mnunuzi. Mara nyingi ni jambo jema: ni zawadi ya mama, tafadhali usiweke risiti. Lakini msaidizi anasoma maandishi ya mteja na maagizo yako kwa macho yale yale. Mtu akiandika kwenye oda kwamba mfumo unaagizwa kushusha bei zote hadi dola moja, au kutaja anwani za wateja wengine, msaidizi anaweza kuyachukulia maneno hayo kama maagizo ya mwenye duka. Udhaifu huu unajulikana tangu 2022 na wasaidizi wa leo wanaukwepa vizuri zaidi, lakini haujaisha.

Simon Willison, msanidi programu aliyeupa udhaifu huo jina linalotumika leo kwa Kiingereza, ameeleza hatari yake kwa namna rahisi kushika. Mambo matatu yasikutane mahali pamoja: taarifa za siri, maandishi ya watu usiowajua, na njia ya kupeleka habari nje. Pima duka lako kwa kipimo hicho. Anwani za wateja umezikata, hilo la kwanza umelipunguza. Ujumbe wa wanunuzi usiupeleke kwa msaidizi pamoja na orodha ya oda. Uwe na zana yake ya kusoma ujumbe wa oda moja, unayoiita wewe. Na msaidizi wa duka usimuunganishe wakati huo huo na barua pepe yako au na uwezo wa kufungua tovuti yoyote. Inavutia kumpa vyote, lakini vikikutana hivyo ndipo mlango unapopatikana.

Anachokiandika

Msaidizi ana maneno matamu, na utamu huo unaweza kukuharibia duka. Mwambie aandike maelezo ya mkoba wa kanga, na bila kusita anaweza kuandika kwamba kitambaa kimechapwa kwa mkono na mafundi wa kijijini. Kanga inachapwa kiwandani. Etsy inaruhusu bidhaa zilizotengenezwa au kubuniwa na muuzaji, vitu vya zamani vyenye umri wa miaka 20 au zaidi, na vifaa vya ufundi. Mkoba ulioshona wewe kwa kanga unaingia, na doti ya mwaka 1990 inaingia, lakini ukidai kuchapa kwa mkono kitu cha kiwandani umesema uongo mbele ya mteja na mbele ya soko.

Dawa yake ni kumpa ukweli kabla hajaomba. Tengeneza faili la bidhaa zako ambalo zana ya rasimu inalisoma: kitambaa ni pamba asilimia ngapi, kimetoka wapi, nani ameshona, vipimo kwa sentimita na inchi, jinsi ya kufua. Agiza kwamba kisichokuwa kwenye faili kisiandikwe. Jina la kanga, yaani yale maandishi yaliyo juu ya pindo, liandike mwenyewe pamoja na maana yake. Wasaidizi hufasiri methali neno kwa neno, na mteja wa Toronto aliyenunua kanga amtunze mkwewe ataletewa maana isiyokuwepo, au mbaya zaidi, fumbo la kumtukana. Kiondo nacho usikiache kiitwe cha Kimasai kwa sababu neno hilo linatafutwa sana. Kimesukwa na mikono ya Wakamba na Wakikuyu, na wanastahili kutajwa.

Daftari na siku ya kukata

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni faili ambalo programu inaandika kila zana iliyoitwa: lini, kwa taarifa zipi, duka lilikuwaje kabla na limekuwaje baada. Akiba ya kila tangazo ihifadhiwe kabla ya kuguswa, ili kurudisha kuwe jambo la dakika. Etsy pia ina kikomo cha maombi kwa sekunde na kwa siku. Programu ikipata jibu namba 429 isubiri, isilazimishe.

Jaribu kuandika kwa tangazo moja tu, lenye bidhaa usiyoihitaji sana, lenye rangi zaidi ya moja. Badilisha idadi, angalia kwenye ukurasa wa Etsy wenyewe, kisha rudisha. Ukitoka salama hapo, ongeza mengine machache.

Na kabla hujamruhusu kugusa duka zima, jifunze kumkata. Katika mipangilio ya akaunti yako ya Etsy kuna sehemu inayoorodhesha programu ulizoziruhusu. Iondoe yako, kisha muulize msaidizi una oda ngapi. Anapaswa kukujibu kwamba hawezi kuliona duka. Akikupa namba, ujue anaichukua kwenye mazungumzo ya awali au ameibuni, na maelezo ya zana zako bado yanahitaji kazi: yaandike upya yaseme wazi kwamba zana ikishindwa, jibu ni kushindwa. Kisha iruhusu programu tena na uendelee.